Geti Linajua Lebo, Halijui Mwizi

Maneno haya, kuhusu mitambo ya kuzuia wizi inayowekwa milangoni mwa maktaba na maduka, niliyasema mbele ya wakutubi, walimu na wenye maduka waliokusanyika hapa Tanga mjini. Nayaweka yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Waheshimiwa wakutubi, walimu wetu, wafanyabiashara, ndugu zangu wa Tanga, itifaki imezingatiwa.

Naomba nianze kwa kuuliza. Ni nani humu ndani hajawahi kuambiwa mlangoni, "Begi acha hapo"? Anyooshe mkono. Sioni mkono. Na ni nani hajawahi kununua sabuni kwa kupitisha mkono katikati ya nondo? Hapo napo sioni mkono. Ukizunguka Ngamiani, barabara baada ya barabara, utakuta duka ambalo mteja anasimama nje juani, ananyoosha kidole, "ile, hapana, ile ya juu yake," na muuzaji yuko ndani ya chuma kama aliyefungwa yeye.

Wizi umetufundisha kufunga. Dukani tunafunga kwa nondo. Maktabani tunafunga kwa kabati la kioo, na ufunguo unakaa kwa mtu mmoja. Mwalimu mmoja wa kidato cha sita alinieleza habari ya mwanafunzi wake aliyepanda daladala kutoka Pongwe kuja mjini kusoma kitabu cha kemia ambacho shuleni kwao hakipo. Akafika, akakiona kwa macho yake nyuma ya kioo. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani. Akakaa mpaka saa kumi jioni, akapanda daladala, akarudi. Kitabu kilikuwa salama. Hakikuibwa, hakikuchanwa, hakikuguswa. Je, kilimfaa nani?

Nawaombeni swali hilo mlibebe katika yote nitakayosema, kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya mitambo ya kuzuia wizi wanafikiri ni njia mpya ya kufunga zaidi. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba mitambo hii ilibuniwa ili tuweze kufungua.

Wenzetu wa zamani walilijua jambo hili. Huko Uingereza, katika kanisa kuu la Hereford, ipo mpaka leo maktaba ya karne nyingi ambayo vitabu vyake vimefungwa minyororo. Mnyororo umekazwa kwenye ukingo wa mbele wa jalada, na mwisho wake wa pili umevikwa kwenye fimbo ya chuma ya rafu. Kwa hiyo vitabu vimepangwa migongo ikielekea ndani na kurasa zikitazama nje, kinyume cha tunavyopanga sisi, ili mtu akivuta kitabu mnyororo usijisokote. Msomaji anakisoma palepale mezani. Tunaweza kuona ni ukali, kitabu kufungwa mnyororo. Lakini tazameni vizuri: kitabu kilichoandikwa kwa mkono, kilichogharimu kazi ya miezi, kimewekwa wazi, mtu asiye na ufunguo anakifungua na kukisoma. Mnyororo ndio uliokiruhusu kukaa nje ya kabati.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe.

Katikati ya miaka ya 1960, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, alikuwepo meneja wa supamaketi aitwaye Ronald Assaf. Siku moja mtu akachukua chupa mbili za mvinyo, akatoka mbio. Assaf akamfukuza, hakumpata. Akarudi anahema, akamwambia binamu yake, Jack Welch, kwamba atakayebuni kitu cha kuzuia wizi wa namna hii atatajirika. Binamu akaenda, akahangaika na vifaa vyake, akarudi na kitu. Kampuni iliyotoka humo ikaitwa Sensormatic. Miaka hiyohiyo, New York, Arthur Minasy naye alikuwa anahangaika na swali hilohilo, akaanzisha kampuni ya Knogo mwaka 1966. Na mwaka 1969 ikaja kampuni ya Checkpoint. Hapa wakutubi naomba mnisikilize vizuri: kazi yake ya mwanzo ilikuwa kulinda vitabu vya maktaba. Mwaka uliofuata, 1970, kampuni ya 3M ikatoa utepe wa sumaku wa kuficha ndani ya kitabu. Wazo la kutambua chuma kwa sumaku mlangoni lilikuwa la zamani kuliko wote hao. Mfaransa aitwaye Picard alilisajili mwaka 1934. Maktaba haikuja nyuma ya maduka katika jambo hili. Ilikuwemo tangu mwanzo.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mitambo hii, yale mageti ya nguzo mbili yanayolia mlangoni. Kila ninapokwenda, kabla sijamaliza kutoboa sakafu, naulizwa: "Fundi, hili geti linamjuaje mwizi?" Ndugu zangu, halimjui. Geti linajua lebo iliyopachikwa kwenye kitabu au bidhaa. Halijui uso, halijui kabila, halijui nguo ulizovaa, halijui kama umetoka Raskazone au Mabawa. Linajua lebo, basi.

Na lebo inafanyaje kazi? Tuanze na utepe wa kitabu, maana huo ndio ninaoupenda. Ni utepe wa chuma laini cha sumaku, upana wake milimita chache. Tunaupachika ndani kabisa kati ya kurasa mbili, karibu na mshono, mahali ambapo kidole hakifiki mpaka kitabu kipasuke. Nguzo mbili za mlangoni zinatoa nguvu ya sumaku inayogeuka mara nyingi katika kila sekunde. Utepe ukipita katikati unageuka nao, tena kwa ghafla, na kugeuka huko kwa ghafla kunatoa mawimbi ya ziada ambayo funguo na sarafu zako hazitoi kwa namna ileile. Nguzo zinayasikia, king'ora kinalia.

Juu ya utepe huo kuna vipande vidogo vya chuma kigumu kidogo. Mkutubi anapokuazimisha kitabu, anakipitisha juu ya sumaku ya kaunta. Vile vipande vinashika sumaku na utepe unalala. Unatoka mlangoni kwa amani. Ukikirudisha, anakipitisha kwenye mashine inayoivua ile sumaku, utepe unaamka. Kulala na kuamka, kulala na kuamka, miaka na miaka, bila betri. Jambo moja la tahadhari: kaseti zisipitishwe kwenye sumaku hiyo. Mji huu ndio uliozaa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na wapo watu na taasisi zenye kaseti za taarabu ambazo huzipati tena popote. Sumaku ya kaunta inaweza kufuta kaseti kwa mpito mmoja. Zitengeni mbali, na kadi za benki zenye ule mstari mweusi nazo zitengeni.

Dukani mambo ni tofauti, kwa sababu bidhaa ikitoka hairudi. Ipo lebo ya karatasi ambayo ukiikwangua unaona koili ya bati jembamba inayozunguka pembe nne. Hiyo inaitikia mawimbi ya redio ya megahezi 8.2, na keshia akishapokea pesa anaiua kwa mawimbi makali ya redio, ikifa imekufa. Usiibandike kwenye kopo la maziwa ya unga, chuma cha kopo kitaimeza sauti yake. Ipo nyingine, kijiboksi chembamba cha plastiki chenye vipande vya chuma ndani, ya kilohezi 58. Nguzo zinairushia mawimbi, zinanyamaza, kisha zinasikiliza. Kile kipande cha chuma kinaendelea kutetema kama kengele iliyokwisha kupigwa. Ni hodari, hata kwenye bidhaa zenye karatasi ya bati.

Na ipo tagi ngumu ya nguo. Hii niliipitisha mikononi mwenu hapa ukumbini, nikaipasua ili muione ndani. Mliona pini inavyoingia kwenye tundu, na ndani ya tundu kuna gololi ndogo tatu zimeizunguka. Ukiivuta pini, gololi zinabanwa na kuikaza zaidi. Kadiri unavyovuta ndivyo inavyokaza. Sumaku yenye nguvu iliyo kaunta inazivuta gololi nyuma, pini inatoka kwa ncha za vidole. Kwa wauza magauni na mashati wa hapa mjini, hii ndiyo ningewashauri kwanza, maana inatumika upya kila siku na ukiinunua umeinunua.

Nimeeleza ya mashine. Sasa nieleze ya watu, na hapa ndipo penye uzito wangu wote wa leo.

Nilikuwa kwenye duka moja, mji mwingine, sitalitaja, nimekwenda kufanya matengenezo. Akaingia binti, mwanafunzi wa chuo kwa alivyoonekana, na begi lake la madaftari. Hakununua kitu. Alipotoka geti likalia. Mlinzi akamdaka mkono: "Umeiba nini?" Hakusema kwa upole, alisema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamepaki nje wakashuka kwenye pikipiki zao. Mmoja akasema mwizi. Wa pili akarudia. Begi likamwagwa sakafuni, madaftari, chaja, pedi zake, mbele ya wanaume asiowajua. Hakikuonekana kitu. Walinzi wakasema arudiwe kukaguliwa, kwa sababu mashine haidanganyi.

Keshia, mama mmoja mtu mzima, akatoka kaunta. Akasema, "Mwanangu, hebu nipe kiatu chako." Akakipitisha getini kile cha kulia: kimya. Akapitisha cha kushoto: geti likalia. Chini ya soli ya ndani ya kiatu kulikuwa na lebo. Viatu alivinunua duka jingine, kwa pesa yake, na keshia wa huko alisahau kuiua lebo. Yule binti alivaa kiatu chake analia, akaokota vitu vyake mwenyewe, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia samahani, hata mlinzi.

Mashine haikudanganya, ni kweli. Ilisema: hapa pana lebo iliyo hai. Yaliyoongezwa juu ya hapo, yote, yaliongezwa na watu.

Ndugu zangu, tusizungumze kama tunaishi Akron. Huko king'ora kikilia, mtu anageuka anaonyesha risiti. Hapa kwetu neno "mwizi" likitoka mdomoni halirudi. Sote tumeona, na wengine tumekimbia tusione, linavyoanza kwa sauti moja na kumalizikia kwenye mawe na tairi. Mtu mzima mwenye watoto. Kijana wa miaka kumi na saba. Wakati mwingine kwa simu, wakati mwingine kwa kuku, wakati mwingine kwa kitu ambacho hakukichukua. Sasa ninyi mnataka kuweka mlangoni mashine ya kupiga kelele. Mmejiandaa? Mmemwandaa mlinzi wenu? Maana ukiweka king'ora mlangoni pasipo kumfundisha aliyesimama mlangoni, umeweka hatari barabarani.

Katiba ya nchi hii, ibara ya 13, fungu la 6, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika kwamba anayo hatia. Kama aliyekwisha kufikishwa mahakamani analindwa hivyo, je, mteja aliyesimama kwenye zulia la duka lako? Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haihesabu kuwa ni wizi kila kitu kilichotoka mlangoni bila kulipiwa, inatazama nia. Msomaji aliyejisahau, mzee aliyeweka kitabu kwapani huku anaongea na simu, mtoto aliyeshika pipi wakati mama yake analipa: geti litawalilia wote kwa sauti moja.

Basi fanyeni hivi. King'ora kipunguzeni sauti. Mitambo mingi inakubali, na mingine inatosha kuwaka taa. Anayekwenda getini awe mtu mmoja, aliyefundishwa, asikimbie. Asimshike mtu. Aseme maneno haya, na nawaomba muyaandike: "Samahani mama, nadhani tumesahau kutoa lebo yetu. Tafadhali turudi kaunta tukuhudumie." Sikieni maneno yanavyolibeba kosa. Tumesahau sisi. Na mara nyingi ndiyo kweli yenyewe: keshia alipitisha haraka, foleni ndefu, lebo haikufa. Kaunta, mteja atoe vitu vyake mwenyewe, akipenda. Kikionekana kitu ambacho hakikulipiwa, kabla ya yote mwulizeni kama alitaka kulipia. Mkiridhika kwamba ni wizi, iteni polisi, mkae naye ndani, mlango ukifungwa dhidi ya watu wa nje. Na kama kosa lilikuwa letu, mwenye duka atoke mwenyewe aombe radhi, kwa sauti ileile ambayo king'ora kililia nayo.

Mkutubi mmoja mstaafu wa mji huu aliniambia neno ambalo sijaliacha. Alisema msomaji aliyeaibishwa mlangoni harudi, na watoto wake hawaji. Utakuwa umeokoa kitabu kimoja, umepoteza nyumba nzima ya wasomaji.

Niseme kwa kifupi yale ambayo mtambo huu hauyaoni, ili muuzaji asiwadanganye.

Hauoni kurasa zilizochanwa. Wakutubi mnajua: mitihani ikikaribia, kitabu kinabaki rafuni na utepe wake, ila sura ya tano haimo. Geti litanyamaza, kwa sababu utepe haukutoka. Dawa ya hapo ni mashine ya fotokopi ya bei nafuu ndani ya maktaba, na ruhusa ya kupiga picha kwa simu. Mwanafunzi akiwa na njia ya kuondoka na ukurasa kwa shilingi chache, wembe hautoki mfukoni.

Hauoni mlango wa nyuma wala mwenye ufunguo. Mwaka 1990 huko Iowa, Marekani, alikamatwa Stephen Blumberg akiwa na zaidi ya vitabu 23,000, vilivyotoka katika maktaba zaidi ya 260. Hakuwa anapita getini na kitabu kwapani. Alipata funguo, alipenya sehemu ambazo hakuna aliyefikiri mtu angepenya. Na kwa upande wa maduka, nyote mnafahamu kwamba mali nyingine inatokea stoo, kwa mkono wa aliyeajiriwa kuilinda. Kuhesabu mali mara kwa mara kunabaki palepale, geti au bila geti.

Na hauoni kitu umeme ukikatika. Lebo haihitaji umeme, nguzo zinahitaji. Nunueni na betri yake kabisa.

Kuhusu hii teknolojia mpya ya RFID, yaani kutambua kitu kwa mawimbi ya redio, ambayo kila mtu ananiuliza. Ndani ya kitabu unabandika lebo yenye chipu na antena. Maktabani tunatumia megahezi 13.56. Kila kitabu kina namba yake, kwa hiyo mashine haisemi tu "pana lebo", inasema ni kitabu gani. Singapore waliianza mwaka 1998, katika maktaba ya Bukit Batok, na msomaji akawa anajiazimisha mwenyewe. Uzuri wake mkubwa sioni uko getini, uko rafuni: unapita na kifaa cha mkononi kando ya vitabu na unajua kipi kimepangwa mahali pasipo pake. Vitabu vingi tunavyoviita vimepotea vimerudishwa rafu isiyo yake. Je, maktaba zetu ziikimbilie? Kwa maoni yangu, maktaba ndogo ya shule isiikimbilie. Chipu moja ni ghali kuliko utepe, na geti lake ni rahisi kulipofusha. Vitabu viwili vyembamba vikibanana, lebo zinaweza kuzibana sauti. Maktaba kubwa yenye maelfu ya vitabu vinavyotoka kila siku, hiyo ifikirie. Na ikiamua, kwenye chipu iandikwe namba ya kitabu tu. Jina la msomaji lisiandikwe humo kamwe. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anachosoma mtu ni siri yake.

Kwa shule, ushauri wangu ni huu: msitie utepe vitabu vyote. Chukueni vile vinavyofungiwa kabatini leo, vya kemia, vya fizikia, vya historia ya pwani visivyochapishwa tena, mvitie utepe, kisha kabati mlifungue. Kama hamtalifungua kabati, msinunue. Na wenye maduka vivyo hivyo: kama nondo zitabaki, pesa ya geti mngeiongeza kwenye mtaji.

Kabla hamjalipa hata nusu, muuzaji aje na nguzo zake mpaka kwenu. Aziwashe kwa umeme wenu, jenereta likinguruma, feni zikizunguka, rafu zenu za chuma zikiwa mahali pake, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kuzivuruga nguzo zikalia bila sababu au zikanyamaza palipo na sababu. Apitishe kitabu chenu, si chake. Akipitishe kikiwa kimelala, kikiwa kimesimama, kikiwa ndani ya begi. Mwulizeni lebo zikiisha zinapatikana wapi na kwa siku ngapi, na nani atakuja nguzo ikifa. Asiyeweza kujibu hayo, mpeni chai aende.

Mafundi wenzangu wako nje kwenye baraza na nguzo zimewashwa. Piteni katikati yake na funguo, simu na pochi zenu, mjionee kinacholia na kisicholia. Aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo apite kwa mwendo wake wa kawaida, asisimame katikati wala kuziegemea. Walimu, waleteni watoto kwanza. Maswali nitayajibu hukohuko. Asanteni sana kwa kunisikiliza.